Sandwichi ndefu ya mchana: ya Kiitaliano, bata mzinga, tuna au bánh mì?

Duka nililofanyia kazi kusini mwa Philadelphia lilianza kujaa saa tano na nusu asubuhi. Mafundi bomba, wauguzi, madereva wa mabasi, wote kwenye mstari mmoja, na kila mtu ana dakika mbili tu za kuamua. Mara kwa mara alitokea mmoja wetu, Mkongomani au Mkenya au Mtanzania aliyefika mjini juzi. Anatazama ubao wa majina juu ya kichwa changu, na akishasikia lafudhi yangu anashusha pumzi: "Dada, hapa nichukue ipi?" Nami nilikuwa namjibu kwa swali: "Utaila saa ngapi?"

Swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Sandwichi inayoliwa palepale kaunta ni chakula kimoja. Ileile ikikaa saa nne ndani ya begi inakuwa chakula kingine. Wengi huchagua kwa kutazama nyama, halafu mchana wanafungua karatasi na kukuta mkate umelowa chepechepe. Kwa hiyo hapa nalinganisha aina nne zinazopatikana kwa urahisi Marekani, ambazo pia unaweza kuzitengeneza jikoni kwako, nikizitazama kwa jicho la mtu anayebeba chakula chake kwenda kazini.

Kwanza, ni kitu gani

Ni mkate mrefu, kati ya sentimita 15 na 30, unaopasuliwa ubavuni bila kutenganishwa vipande viwili, ukajazwa nyama, jibini na mboga. Umbo lake ndilo lililofanya Wamarekani waufananishe na nyambizi. Majina ni mengi: Philadelphia ni hoagie, New York ni hero, sehemu kubwa ya New England ni grinder. Ukihama mji usishangae jina likibadilika.

Asili yake ni wahamiaji wa Kiitaliano. Kule Portland, Maine, mji ambao leo una familia nyingi za Wakongomani, mwokaji mmoja aitwaye Giovanni Amato alianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwauzia wafanyakazi wa bandarini mikate yake ikiwa imeshajazwa. Hapa Philadelphia wapo wanaosema jina hoagie limetokana na Hog Island, kiwanda cha meli cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale ulipo uwanja wa ndege hivi sasa. Masimulizi mengine yapo pia. New Orleans nako, mwaka 1929, wafanyakazi wa tramu walipogoma, ndugu wawili Bennie na Clovis Martin, ambao wenyewe waliwahi kufanya kazi kwenye tramu, waliwalisha wagomaji bure kwa mikate mirefu iliyojazwa. Huko ndiko linakosimuliwa kutoka jina po' boy, yaani kijana maskini. Tangu mwanzo, basi, hiki ni chakula cha mtu wa kazi, asiye na mahali pa kukaa na sahani. Kikishindwa kubebeka kimeshindwa kazi yake.

Vipimo tutakavyotumia

*Mkate.* Hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda kwanza. Bonyeza kwa kidole gumba: ukoko upasuke kidogo, halafu mkate urudi polepole. Ukirudi kama sifongo, mafuta yataupita. Ukiwa mgumu kama fimbo, utakapouma nyama yote itachomokea upande wa pili. Na usiuweke mtupu kwenye friji, maana baridi ya friji huukakamaza mkate haraka kuliko ukikaa mezani. Kama ni wa kesho kutwa, ugandishe kabisa.

*Unyevu.* Nyanya ina maji, siki ni maji, mboga zilizooshwa zinabeba maji. Swali ni maji hayo yamekaa wapi. Asubuhi moja nilifunga hoagie 24 za mkutano wa watu waliokuja kuzichukua saa tatu baadaye. Nyanya nilizikata na kuzipanga moja kwa moja juu ya mkate, bila kuzinyunyizia chumvi wala kuzikausha. Ziliporudi sita ambazo hazikuliwa, niliinua moja na nusu ya chini ikabaki kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nyanya kwangu zinapata chumvi, zinalala dakika tano juu ya karatasi ya jikoni, na hazigusi mkate kamwe.

*Muda.* Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema vyakula vya namna hii visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kama joto linapita nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja tu. Hili linazihusu zote nne sawasawa, kwa hiyo begi lenye pakiti ya barafu si anasa. Lakini hata ndani ya baridi, ladha ya kila moja hubadilika kwa namna yake, na hapo ndipo zinapoachana.

*Kazi na gharama*, na mwisho *mlaji mwenyewe*: dini yake, afya yake, anachopenda.

1. Ya Kiitaliano, yaani hoagie yenyewe

*Mkate.* Inadai mkate imara kuliko zote, wenye ukoko na ikiwezekana ufuta juu. Kusini mwa Philadelphia kuna viwanda vya mikate kama Sarcone's, kwenye 9th Street, vinavyooka mikate hiyo tangu mwaka 1918. Ukiuvunja wa asubuhi unasikia ukoko ukilia. Mkate laini wa dukani hauwezi kubeba mafuta na siki ya hoagie, usijisumbue.

*Cha ndani na unyevu.* Kwa kawaida ni nyama tatu za baridi, kama salami, capicola na hemu au mortadella, pamoja na jibini ya provolone, saladi iliyokatwa nyuzinyuzi, kitunguu, nyanya, oregano, mafuta na siki. Mwenye jicho la pwani ataona kwamba pale juu kuna kachumbari tu, imebadilishwa ndimu ikawekwa siki.

Siri yake iko kwenye unene wa nyama. Mashine hupangwa ikate nyembamba kiasi kwamba ukiinua kipande kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kisha hakilazwi, kinakunjwa na kuachwa kiwe na mawimbi. Hewa inapita katikati, meno yanapita bila kuvuta, na nyama kidogo inajaza mkate. Nyama ileile ikikatwa nene utatafuna kama kamba ya ngozi. Mpangilio nao una maana: jibini hutandikwa kwanza pande zote mbili za mkate kama ukuta, nyama zikafuata, mboga zikakaa katikati, na mafuta na siki zikamwagwa juu ya mboga, si juu ya mkate.

*Muda.* Kwa maoni yangu hii ndiyo pekee kati ya nne inayopendeza zaidi baada ya kupumzika. Nusu saa ndani ya karatasi, na mkate unakunywa siki kidogo tu kwa ndani huku ukoko ukibaki. Saa tatu inastahimili vizuri ikiwa imejengwa kama nilivyoeleza. Baada ya hapo saladi inanyong'onyea.

*Kazi na gharama.* Ukiitengeneza nyumbani ni ghali kuliko wenzake, kwa sababu unanunua nyama tatu na jibini. Namna ya kupunguza ni kuomba robo ratili, kama gramu 113, ya kila nyama, inayokutosha siku mbili au tatu. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

*Inamfaa nani.* Apendaye chumvi, uchachu na mkate wa kutafuna, na ambaye hana kizuizi cha nguruwe. Kwa Mwislamu, hoagie ya asili ni nguruwe toka juu hadi chini. Salami ya ng'ombe, pastrami na mortadella ya kuku kutoka bucha la halali zinaleta karibu ladha ileile, nimezijaribu na siku hizi nazipika hivyo kwa wageni wangu wote. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye duka la kawaida, mashine inayokata hemu ndiyo inayokata bata mzinga na jibini. Kama unalijali hilo, omba waisafishe na kubadili glavu kabla ya kukukatia. Mwuzaji mwungwana hanuni. Au nunua pakiti iliyofungwa kiwandani.

Mama mjamzito nimweke wazi pia. Nyama za baridi zinaweza kubeba bakteria wa listeria, na ushauri rasmi wa Marekani ni kuzipasha moto hadi nyuzi 74, zitoke mvuke, kabla ya kula. Hoagie iliyopashwa moto si hoagie tena. Miezi hiyo tisa chagua kitu kingine.

2. Bata mzinga

*Mkate.* Laini kiasi, hata wa ngano nzima. Nyama hii ni pole, mkate mgumu unaizidi nguvu.

*Cha ndani na unyevu.* Tatizo lake ni ukavu. Inahitaji kitu cha kulainisha: mayonezi, haradali au parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi. Paka mafuta hayo hadi ukingoni mwa mkate, maana yanazuia pia maji ya mboga yasipenye. Saladi, tango, nyanya zilizokaushwa, basi.

*Muda.* Mvumilivu kuliko zote. Ya saa moja asubuhi ukiila saa saba mchana ikiwa baridi, karibu hutaona tofauti.

*Kazi na gharama.* Dakika tano, na bei ya wastani. Nafuu zaidi bado ni kuoka kidari cha kuku Jumapili, kukipoza na kukikata mwenyewe kwa siku tatu zijazo. Ladha ni bora na chumvi unaiamua wewe.

*Inamfaa nani.* Watoto wa shule, wanaopunguza mafuta, na mtu ambaye tumbo lake halitaki mshangao mchana. Mwenye shinikizo la damu asidanganyike na weupe wa nyama; vidari vya kiwandani hutiwa chumvi nyingi, soma lebo. Suala la mashine na la mjamzito ni kama nilivyosema juu. Anayekula halali tu aangalie na uchinjaji: si nguruwe, lakini hiyo peke yake haitoshi.

3. Tuna

*Mkate.* Wowote wenye ukoko mwembamba. Wengine huukaanga kidogo upande wa ndani, na nawaunga mkono: ule ukoko wa ndani ni kinga nzuri sana.

*Cha ndani na unyevu.* Tuna ndiye jodari, ambaye watu wa pwani tunamjua tangu utotoni, kwa hiyo jodari wa kopo anatuvunja moyo kwa sababu moja, nayo ni kwamba hakukamuliwa. Kopo la kawaida hapa lina gramu 142, na sehemu ya uzito huo ni maji. Fungua, acha kifuniko ndani, geuza juu ya sinki na kandamiza kwa vidole gumba viwili hadi matone yakome. Kisha mimina juu ya chujio na ukandamize tena kwa mgongo wa kijiko. Utashangaa kinachotoka mara ya pili. Ndipo utie kijiko kimoja cha mayonezi, si vitatu, kitunguu kilichokatwa kidogokidogo, seleri ya kuleta mkwaruzo mdomoni, pilipili manga na limau. Samaki aliyekamuliwa anapokea limau. Aliyelowa anabaki chapwa hata utie nini.

*Muda.* Hapa ndipo panapomshinda. Hata uliyemkamua vizuri ataanza kulainisha mkate ndani ya saa mbili. Dawa yake ni moja tu: beba tuna kwenye kikopo chake, mkate kwenye karatasi yake, ujaze wakati wa kula. Wengi husema mayonezi ndiyo inayoharibika. Mayonezi ya dukani ina siki na yenyewe ni mvumilivu. Anayehitaji baridi ni samaki.

*Kazi na gharama.* Nafuu kuliko zote nne, na makopo yanakaa kabatini miezi mingi. Mwisho wa mwezi, mshahara haujaingia, huyu ndiye rafiki.

*Inamfaa nani.* Mwislamu aliye mbali na bucha la halali, na Mkatoliki siku za Ijumaa za Kwaresima. Mjamzito naye anaweza, kwa kipimo: mamlaka za Marekani zinaruhusu tuna ya kopo iliyoandikwa "light" mara mbili hadi tatu kwa wiki, gramu 113 kwa mara moja, na ile iitwayo albacore mara moja tu, kwa sababu ina zebaki zaidi. Haimfai anayekula kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Harufu inabaki baada yako, na wenzako watairudia mchana kutwa.

4. Bánh mì

*Mkate.* Wafaransa waliupeleka mkate wao Vietnam wakati wa ukoloni, Wavietnam wakaufanya mwepesi, wenye ngozi nyembamba inayovunjika na tumbo la hewa tupu. Neno bánh mì lenyewe maana yake ni mkate. Mtu aliyekulia Zanzibar au Mombasa akishika moja atakumbuka boflo, na aliyekulia Bujumbura ataukumbuka mkate wa kwao. Baada ya mwaka 1975 wakimbizi wa Kivietnam waliufikisha Marekani. Hapa Philadelphia utaupata kwenye maduka yao ya Washington Avenue.

*Cha ndani na unyevu.* Karoti na figili nyeupe zilizokatwa kama njiti na kuachwa kwenye siki, sukari na chumvi, tango, pilipili mbichi, kotmiri nzima na vijiti vyake, mayonezi, na kitoweo. Kitoweo cha asili mara nyingi ni nguruwe na pate ya maini, lakini ipo ya kuku, iitwayo bánh mì gà, na ya tofu. Mtu wa pwani haelezwi achari. Unajua tayari jinsi uchachu unavyofungua hamu na kuifanya nyama kidogo itoshe.

*Muda.* Mfupi, na sifichi hilo ingawa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ngozi ile nyembamba inakufa ndani ya saa moja au mbili, na achari inavuja. Ikibidi kuibeba, weka achari pembeni na upashe mkate mtupu dakika tatu kwenye oveni kabla ya kujaza. Kazini kwenye maikrowevu peke yake, mkate huu unageuka mpira, usijaribu.

*Kazi na gharama.* Ya kununua kwa kawaida ni nafuu kuliko hoagie. Ya nyumbani ina kazi, lakini achari ikishatengenezwa inakaa wiki kadhaa kwenye friji, na kuku aliyebaki jana usiku anageuka chakula kipya.

*Inamfaa nani.* Anayekula palepale au karibu na duka, asiyependa mlo mzito mchana, na asiyekula nyama kabisa. Mwislamu aulize mambo mawili, kitoweo na pate, kwa sababu hata ya kuku inaweza kupakwa pate ya nguruwe. Mjamzito aombe isitiwe pate.

Zipo ambazo sikuziweka: cheesesteak, yaani mkate wa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na jibini, fahari nyingine ya mji huu tangu mwaka 1930, na ile ya mipira ya nyama yenye mchuzi. Nazipenda, ila ni vyakula vya moto vya kuliwa umesimama mlangoni mwa duka. Ukizifunga kwa saa mbili unabeba kitoweo kilicholowesha mkate.

Kwa hali yako

Ukila ndani ya nusu saa, uwanja ni wako, na ningekuambia ujaribu bánh mì kwa sababu ndiyo nafasi pekee ya kuipata ikiwa na ngozi yake.

Ukiondoka nyumbani alfajiri na kula saa saba, bata mzinga au kuku wa kuoka. Ukitaka ladha zaidi ya hapo, hoagie yenye mboga, mafuta na siki kwenye kikopo pembeni. Unaimalizia kazini kwa dakika moja.

Kama mahali pa kazi hakuna friji na huna pakiti ya barafu, usibebe yoyote kati ya hizi zikiwa zimejazwa. Beba mkate, nyanya nzima, kisu kidogo na kopo la tuna ambalo halijafunguliwa. Kila kitu hapo kinakaa salama nje, na mlo unatoka uleule.

Kama unalisha watu wengi wenye dini tofauti, tengeneza meza ya tuna na ya mboga yenye achari, na nyama za halali tu. Hakuna atakayekaa na njaa wala kuulizauliza kwa aibu.

Kama bajeti imebana, kula tuna ya kopo siku mbili, kuku wa Jumapili siku tatu. Usipunguze kwenye mkate. Bora nyama iwe nusu na mkate uwe wa leo.

Na kama ndiyo wiki yako ya kwanza mjini, umesimama mbele ya ubao na mstari unakusukuma, omba nusu ya hoagie ya bata mzinga yenye provolone, mafuta na siki pembeni. Omba waifunge kwa karatasi, si kwa plastiki, maana plastiki inafungia mvuke na kuulainisha ukoko. Ukiipenda, wiki ijayo agiza nzima.